Tuwasemeshe Watoto Wetu

Mtakatifu Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 huko Tagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria, alieleza katika Maungamo yake jinsi alivyopata kusema. Hakufundishwa maneno kwa utaratibu wa shule. Aliwatazama wakubwa wakitaja kitu na kukigeukia, akashika jina lake. Kilatini alikipata bila hofu, kati ya mabembelezo ya yaya, vicheko na michezo. Kigiriki alisomeshwa kwa vitisho na adhabu, akakichukia.

Wataalamu wa siku zetu wamegundua kuwa kazi hiyo huanza mapema zaidi: mtoto husikia sauti ya mama yake angali tumboni. Nasi twakumbuka jinsi Yohane alivyoruka tumboni mwa Elizabeti, salamu ya Maria ilipofika. Apatapo miezi sita au saba, mtoto huanza kurudia-rudia ba-ba na ma-ma. Karibu na mwaka mmoja hutamka neno la kwanza. Akielekea miaka miwili huunga maneno mawili, “mama maji”. Watoto hawalingani, mmoja huwahi, mwenzake hukawia.

Basi, maneno hayo yatoka wapi? Yatoka kwetu. Baba arudiye jioni, akamwamuru mtoto “Nyamaza!”, kisha akampa simu imtulize, amemnyima chakula. Simu haimngoji mtoto ajibu, wala haifuati kidole chake aonyeshapo mbuzi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto asiyetimiza miaka miwili asiketishwe kutazama runinga wala simu.

Na yule asiyegeuka aitwapo, au aliyepita mwaka na nusu bila neno lolote? Tusimcheke, wala tusiseme amelogwa. Yamkini hasikii. Apelekwe hospitali apimwe masikio. Udongo uwahi ungali maji. Akiwa kiziwi kweli, afundishwe lugha ya ishara, na jamaa yote ijifunze pamoja naye, kwani hiyo nayo ni lugha kamili.

Bwana wetu alimtenga yule kiziwi kando na makutano, akamgusa masikio na ulimi, ndipo akasema: Efatha. Yeye aliyezungukwa na umati alipata nafasi kwa mtu mmoja. Je, sisi tukose robo saa kwa mtoto wetu? Leo jioni, kabla ya sala ya nyumbani, tumpakate mdogo wetu, tumsemeshe, kisha tumngoje ajibu. Kinywa kitakachomsifu Mungu kesho chafunguliwa leo magotini petu.