Je, Kukaguliwa ni Kutoaminiwa?



Sadaka inapohesabiwa baada ya Ibada, pengine husikika mtu akinong'ona: "Mbona wahesabu ni wawili? Kwani Mweka Hazina haaminiki?" Swali hili ni lile lile tunaloulizana taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali itangazwapo redioni. Je, kumkagua mtu ni kumvunjia heshima?

Maandiko yatupa pande mbili. Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 12, watu waliokabidhiwa fedha za kuwalipa mafundi wa hekalu hawakudaiwa hesabu, kwa kuwa walikuwa waaminifu. Lakini katika sura hiyo hiyo fedha ilipotolewa sandukuni ilihesabiwa na wawili, karani wa mfalme na kuhani mkuu. Naye Mtakatifu Paulo, alipokusanya mchango wa maskini, hakukubali kuushughulikia peke yake, asije akalaumiwa. Kama Mtume alitaka mashahidi, sisi ni nani?

Hapa Nachingwea tunalo funzo letu. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na hapa kwetu. Mwaka 1951 ukaachwa, na zaidi ya pauni milioni 36 zikawa zimepotea. Wakaguzi wa shirika lililouendesha walikwisha kusema kwamba vitabu vya hesabu havikutunzwa ipasavyo. Hatusemi kwamba wote walikuwa wezi. Wengi walikuwa watu wa bidii. Lakini hata mtu mwaminifu hupotea njia asijue, asipokuwapo wa kumwambia.

Tulipokuwa tukifundisha tulimfahamu mtunza stoo wa shule moja aliyesingiziwa, au kushitakiwa kwa haki, kwamba aliuza unga. Leja haikuandikwa, wala hakuna aliyewahi kuikagua. Basi hakuweza kuhukumiwa, wala hakuweza kusafishwa. Aliondoka na aibu yake, na hata leo hatujui ukweli. Tangu siku ile tumeamini kwamba ukaguzi ni ngao ya mwaminifu kabla haujawa mtego wa mwizi.

Kwa sababu hiyo Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 143, yaagiza hesabu za Serikali zikaguliwe angalau mara moja kila mwaka, na kwamba Mkaguzi katika kazi hiyo asilazimike kufuata amri ya mtu yeyote. Taarifa yake humfikia Rais, naye huagiza ipelekwe Bungeni. Rais asipofanya hivyo, Mkaguzi mwenyewe humpelekea Spika.

Lakini Mkaguzi huteuliwa na Rais. Je, aliyeteuliwa aweza kumkagua aliyemteua? Aweza, iwapo haondolewi kwa sababu ya kusema kweli. Ndiyo maana ibara ya 144 yalinda kazi yake. Ulinzi huo ulijaribiwa mwaka 2019. Bunge liliazimia kutofanya kazi na Profesa Mussa Assad, kwa kuwa alisema kwamba taarifa zake kutofanyiwa kazi ni udhaifu wa Bunge. Novemba mwaka huo mtu mwingine akateuliwa mahali pake. Desemba 2022 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuondolewa kwake kulikuwa kinyume cha Katiba. Twajifunza kwamba hata wakubwa huona uchungu wakikaguliwa, kama yule anung'unikaye kanisani.

Basi yatupasa nini sisi wa Nachingwea na Ruangwa? Kwanza, tusidanganyike na neno "hati inayoridhisha". Maana yake ni kwamba hesabu za Halmashauri zimeandaliwa vema. Si kwamba kila shilingi imetumika kwa busara. Pili, tukumbuke kwamba Mkaguzi hakamati mtu wala hahukumu. Yeye huona na kusema. Asiposikilizwa, kazi yake ni bure. Kwa hiyo tumwulize Diwani wetu, kwa adabu: hoja za mwaka jana zimejibiwaje?

Tatu, tuanzie nyumbani mwa Bwana. Jumapili ijayo, Mweka Hazina akiomba mtu wa pili wa kuhesabu naye, tusinong'one. Tumshukuru, kwa maana anatulinda sisi, na anajilinda yeye. Siku moja kila mmoja wetu ataitwa atoe hesabu ya uwakili wake. Heri tuzoee mapema.