Nyangumi Hulalaje?

Wakazi wa Thornhill, kaskazini mwa Toronto, wakishuka mjini hadi makumbusho ya Royal Ontario mwaka 2017, waliweza kujifunza habari za nyangumi wa buluu aliyekufa mwaka 2014 na kusukumwa na bahari hadi Trout River, Newfoundland.

Jitu kama hilo hulalaje majini?

Nyangumi ana mapafu, na kila pumzi huivuta kwa kukusudia. Akizama katika usingizi mzito, atakufa maji. Kwa pomboo, jamaa zake wa karibu, watafiti wamethibitisha kwamba nusu ya ubongo hulala huku nusu nyingine ikikesha, kisha hupokezana zamu.

Mwaka 2008 wanasayansi walieleza habari za nyangumi wenye vichwa vikubwa, karibu na Chile, waliosinzia wima kama nguzo. Chombo kilichozima injini kiliwakaribia. Hawakushtuka mpaka kilipomgusa mmoja wao.

Kati ya Julai na Septemba, nyangumi wa nundu hutoka bahari za kusini na kufika Watamu, Kenya, na Kizimkazi, Zanzibar, kuzaa. Mama hupumzika karibu na uso wa bahari, kwa kuwa mtoto hupanda kuvuta hewa mara kwa mara. Nahodha anayepunguza mwendo hapo huwaachia nafasi ya kulala.