Mtande na Mshindio: Neno kwa Walio Ugenini na kwa Wazazi Wao

Somo: Matendo ya Mitume 18:1-3



Somo hili latuonyesha watu watatu waliokutana ugenini. Akila, mzaliwa wa Ponto, na mkewe Prisila walikuwa wametoka Rumi, kwa kuwa Kaisari Klaudio aliwafukuza Wayahudi mjini. Paulo, mtu wa Tarso, naye alikuwa mgeni Korintho. Luka aeleza kwamba ufundi wao ulikuwa mmoja, yaani kushona mahema. Kwa hiyo Paulo akakaa kwao, wakafanya kazi pamoja. Kazi ya mikono ndiyo iliyomfungulia mgeni mlango. Na baadaye nyumba ya watu hao wawili ikawa mahali pa kukutania kanisa, kama tusomavyo katika 1 Wakorintho 16:19.

Nawaandikia haya kwa sababu ya jambo lililotokea katika usharika wetu hapa Chang'ombe. Binti wa nyumba moja yuko Uswidi kwa masomo. Jioni, akiisha kutoka darasani, huenda kwa bibi mmoja mzee wa kanisa la huko, ambaye humfundisha kufuma nguo kwa kitanda cha mfumi. Alipowapelekea wazazi picha ya kitambaa chake cha kwanza, hapakuwa na furaha nyumbani. Wajomba walisema, "Tuliuza shamba apate elimu, naye anacheza na nyuzi!" Baba yake akanijia, akitaka nimwandikie binti neno la kumkanya. Nikamjibu, "Mzee wangu, afadhali kwanza tuzungumze sisi tulio nyumbani."

Kwanza, tusiseme kwamba kazi hii ni ya kigeni. Waliochimbua magofu ya Kilwa walikuta vigae vilivyotobolewa katikati, vilivyokuwa vizito vya vijiti vya kusokotea uzi. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandika kwamba nguo zilizofumwa pale zilipelekwa hata Misri. Wasafiri wa karne ya 19 waliopita Ufipa waliwaona watu wakifuma nguo za pamba waliyoilima wenyewe. Kisha nguo za viwanda zikaja kwa majahazi na merikebu, miongoni mwao ile iliyotoka Marekani, ambayo mpaka leo twaiita marekani. Ilikuwa rahisi kuinunua kuliko kufuma, na vitanda vingi vya mfumi vikanyamaza. Basi binti huyu hakuokota kitu cha wageni tu. Amekutana ugenini na kazi ambayo mababu wa nchi yetu waliijua.

Pili, tusiidharau kazi ya mikono kana kwamba haimpendezi Mungu. Katika Kutoka 35 twasoma kwamba Bezaleli alijazwa Roho ya Mungu kwa ajili ya ufundi, na ufumaji watajwa pale pamoja na kuchora na kutarizi. Dr. Martin Luther alifundisha kwamba kazi njema ya kila mtu ni wito wake, ambao kwa huo amtumikia jirani. Tena mwaka 1962, Peder na Ulla Gowenius, Waswidi, walianza kuwafundisha wanawake wa Natal, Afrika Kusini, kufuma, chini ya Kanisa la Kilutheri. Kazi hiyo ikakaa Rorke's Drift, na picha zilizofumwa huko kwa nyuzi zikajulikana ng'ambo. Wengi wa wanawake hao waliishi chini ya sheria za ubaguzi, lakini mikono yao ilisema mambo yao wenyewe.

Tatu, sikieni jinsi nguo inavyofumwa. Mfumi hutanda kwanza nyuzi za urefu, akazivuta zikaze. Hizo ni mtande. Kisha hupitisha uzi wa kukatiza, mara huku, mara huku, akiusukuma kwa kitana; huo ni mshindio. Mtande ukilegea, nguo yote hupinda. Mtande ukikatika, hata mshindio wa hariri haufai kitu. Na kosa la asubuhi likionekana jioni, hapana njia ila kufumua mpaka pale lilipoanzia.

Enyi vijana mlio ugenini, mtande wenu mlitandiwa nyumbani: ubatizo wenu, lugha ya mama, heshima kwa wakubwa, sala ya jioni. Yale mnayojifunza huko ni mshindio. Yapokeeni kwa furaha, wala msione haya kukaa chini ya mwalimu wa taifa lingine. Lakini mtande msiukate.

Nanyi wazazi, shamba mliloliuza halikupotea. Msipime elimu ya mtoto kwa fedha anazowapelekea tu. Nguo ya mkono huenda polepole. Mwenye kusimama nyuma ya mfumi na kumharakisha humharibia kazi. Je, tunaye hapa Chang'ombe kijana ajifunzaye useremala au ushonaji, ambaye jamaa zake wamwonea haya? Mwiteni mezani, mkamwulize habari za kazi yake.

Baba yule amekwisha kumwandikia binti yake. Alimwomba kitambaa cha meza ya nyumbani.

Bwana azithibitishe kazi za mikono yetu, awalinde walio mbali, atukutanishe sote. Amina.