Nilidhani Wanaimba Waasi

Nilipokuwa darasa la nne, Morogoro, sikuwa na shaka kwamba wanamuziki wa Kongo hawana wanachokiimba zaidi ya vita. Ilikuwa miaka ile ya 1996 na 1997. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku haikukosa waasi wa mashariki ya Zaire. Leo wametwaa mji huu, kesho ule. Habari ikiisha, unapigwa muziki, na mwimbaji anabembeleza: mwasi, mwasi, tena mwasi kitoko. Nikawaza, hawa watu kweli wanawapenda waasi wao.

Aliyenitoa ujinga ni fundi cherehani, mzee wa Kikongo aliyekuwa na kibanda jirani na kwetu. Nilimpelekea kaptula ya shule iliyopasuka makalioni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, nikamuuliza habari za waasi. Alicheka mpaka mguu ukatoka kwenye pedali.

"Mwanangu, mwasi ni mwanamke. Kitoko ni mzuri."

Akaongeza kwamba hata moto kwa Kilingala si lazima uwe huu wa kuunguza. Moto ni mtu pia. Basi na ile nyumba niliyodhani inateketea ndani ya wimbo mwingine, kumbe alikuwamo mtu tu, tena pengine mwenye mapenzi yake.

Tangu siku hiyo nikawa namuuliza kila wimbo, na hadi leo sijui kama nilifaidi. Chukua Mario wa Franco, wa mwaka 1985. Kabla sijaambiwa maana, kwangu ulikuwa ni sauti nzito inayoongea kama mjomba aliyeitwa kusuluhisha ugomvi, na magitaa yakijibizana nyuma yake bila haraka, karibu robo saa nzima. Fundi akanieleza: ni kijana msomi anayelelewa na mwanamke aliyemzidi umri, na mwanamke mwenyewe amechoka. Ndiyo asili ya neno letu "mario".

Miaka ikapita, akaolewa dada yetu, mtoto wa mama mkubwa. Yeye ana duka la vipodozi, bwana harusi alikuwa bado anatafuta kazi. Maharusi wanaingia ukumbini, DJ akaweka Mario! Ukumbi mzima ukainuka. Shangazi zangu wakapunga leso. Nilibaki nimekaa peke yangu, namwonea aibu bwana harusi, na yeye ndiye aliyekuwa akicheza kuwashinda wote.

Usiku huohuo ukapigwa Vulindlela wa Brenda Fassie. Ni Kixhosa, na mle ndani hakuna aliyejua hata neno moja. Kumbe humo anaimba mama anayetangaza kwamba mwanawe anaoa leo, watu wafungue njia. Shangazi zangu, bila kuambiwa na mtu, walikwishatandaza khanga chini ili maharusi wapite.

Mtu angeweza kusema hapo kwamba muziki ni lugha ya wote. Siamini. Ingekuwa hivyo Mario usingepigwa. Wimbo mmoja waliupatia, mwingine wakaukosea, na raha waliyopata ilikuwa ileile.

Sisemi kutoelewa ni bora. Unguja taarabu iliimbwa kwa Kiarabu kwa miaka mingi, mpaka Siti binti Saad akaileta kwa Kiswahili na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Watu walimpenda kwa sababu aliwasema wao, kwa maneno yao. Ila nyimbo za Kiswahili mimi huzisikiliza kama barua: nikishajua yaliyomo, naikunja. Za Kilingala nazirudia, maana kila mara sikio linashika kitu kingine, pumzi ya mwimbaji kabla ya kupandisha sauti, au lile gitaa la solo linapochomoka kuingia sebene, ile sehemu ya kucheza.

Siku hizi simu inakutafsiria wimbo mstari kwa mstari. Nimejaribu mara mbili, nikajikuta nasoma tu. Sebene likapita na mimi macho yako kwenye kioo.

Fundi alishafariki. Umebaki wimbo mmoja ambao sikuwahi kumuuliza, nao ndio naupenda kuliko zote. Jina lake siliandiki hapa, kwa kuwa wasomaji wangu nawajua: kabla ya saa nne asubuhi mtakuwa mmeshanitumia tafsiri. Tafadhalini, huu niachieni.