Kuficha Maradhi ya Ukoo: Ni Sitara au ni Dhuluma?

Yasemwa katika miji yetu kwamba mtu akiulizwa maradhi ya jamaa zake, adabu ni kunyamaza, kwani kusema ni kuivua nyumba nguo. Je, tabibu akija kuuliza ni nani katika ukoo aliyeugua, na dalili zake zilikuwa zipi, kumjibu ni kusengenya? Au kumficha ndiko kosa? Jambo hili lataka kutazamwa kwa insafu.

Yako maradhi adimu yaitwayo Huntington, kwa jina la tabibu wa Kimarekani aliyeyaeleza mwaka 1872. Mtu aghalabu huwa mzima mpaka apate miaka 30 au 40, kisha viungo humcheza pasi na hiari yake, tabia ikageuka na akili ikapungua, hata afe. Kila mtoto wa mgonjwa yu baina ya mambo mawili yaliyo sawa: kuyarithi au kusalimika.

Kandokando ya ziwa la Maracaibo, nchini Venezuela, wako wavuvi masikini ambao maradhi haya yameenea kwao. Waliokuwa wakiyumba njiani walidhaniwa ni walevi, mpaka tabibu wa nchi yao, Américo Negrette, alipotambua katika miaka ya 1950 kuwa ni wagonjwa. Mwaka 1979 akafika Nancy Wexler, Mmarekani ambaye mama yake alikufa kwa maradhi hayo hayo mwaka 1978. Tangu 1981 yeye na wenzake walikuwa wakirudi kila mwaka, wakiuliza nasaba na dalili na kuchukua damu, hata wakaandika nasaba ya watu zaidi ya 18,000. Kwa msaada mkubwa wa familia hizo, mahali pa kasoro palijulikana mwaka 1983, na mwaka 1993 jeni yenyewe ikapatikana.

Basi na tuulize: kimya kiliwasitiri nini wavuvi wale? Kiliwaacha waitwe walevi. Na kwetu kimya chafanya nini? Mgonjwa husemwa ana shetani, akapelekwa kwa mganga, na mali ikateketea. Na binti wa watu akaozwa pasi na kuambiwa lolote.

Atasema mtu: kusitiri Muislamu ni jambo lililoamrishwa. Ni kweli. Lakini Fatima binti Qays alipomtaka shauri Mtume (S.A.W.) juu ya wanaume wawili waliomposa, alimweleza aibu ya kila mmoja wao, wala hakunyamaza. Na Imamu Nawawi amehesabu nasaha ya namna hiyo katika mambo sita ambayo kwayo kutaja aibu ya mtu huruhusiwa. Kwa hiyo sitara ni kwa yule asiyehusika. Ama anayehusika, haki yake ni nasaha.

Lakini na mwulizaji naye ana amana. Asiulize ila kwa ridhaa, asitoe majina nje, wala asimlazimishe mtu kujua yatakayomfika. Na asisahau deni: dawa ya kuyaponya maradhi haya haijapatikana hata leo, na wavuvi waliotoa damu yao waliendelea kuishi katika ufukara. Kuchota elimu kwa masikini kisha kuwapa mgongo si insafu.

Tuseme, basi, mbele ya tabibu na mbele ya mposaji. Na barazani tunyamaze. Wallahu a'lam.