Bunduki ya Nyumbani na Ilimu ya Kuitumia

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Ama baada ya haya: ndugu zangu, katika baraza zetu za Chumbageni husikika mtu akiuliza, "Nikiwa na bunduki ndani kwa kukhofu wevi, je, hainitoshi?" Jawabu ni kuwa haikutoshi. Mwenye silaha asiyoijua, madhara yake yu karibu nayo kuliko manufaa.

Sheria imemruhusu mtu kumzuia amshambuliaye, na imepokewa katika hadithi kuwa auawaye akitetea mali yake ni shahidi. Lakini ruhusa hii ina mpaka. Maulamaa wa madhhabu yetu, akiwamo Imamu Nawawi katika Minhaji, wamesema kuwa mshambulizi huzuiwa kwa lililo jepesi kwanza. Akizuilika kwa ukelele au kwa kuwaita majirani, ni haramu kumpiga. Akizuilika kwa mkono, ni haramu kutumia fimbo. Na akishakimbia, hafuatwi akauawa. Tena kutetea mali ni ruhusa, si wajibu. Sheria ya nchi nayo hairuhusu ila nguvu ya kadiri ya haja.

Basi asiyefunzwa atapimaje kadiri hiyo? Ni usiku, moyo wadunda, mkono watetemeka. Huenda aliye mlangoni ni mwanawe aliyechelewa kurudi, au mlevi aliyekosea nyumba. Risasi ikishatoka hairudi. Hubaki diya, na saumu ya miezi miwili mfululizo, na majuto ya umri mzima.

Mji wetu wenyewe una ushahidi. Novemba 1914 Waingereza waliteremsha Tanga jeshi la watu kadiri ya 8,000 kutoka Bara Hindi, wakakabiliwa na askari wa Wajerumani kadiri ya 1,000 tu, wengi wao Waafrika waliozoezwa barabara. Katika wale walioteremka, wengi hawakufunzwa vyema. Tarehe 4 wakavunjika, wakarudi merikebuni, wakaacha bunduki kwa mamia. Wingi wa silaha haukuwafaa kitu.

Mtume S.A.W. alihimiza kujifunza kulenga, akamkemea ajifunzaye kisha akaacha. Naye ndiye aliyeamuru kuwa mwenye mishale apitapo msikitini au sokoni azishike ncha zake, asije akamjeruhi Mwislamu. Hapa twajua kuwa ilimu ya silaha ni mbili: kuitumia, na kuizuia, na ya pili ndiyo itumikayo kila siku.

Kwa hivyo mwenye bunduki yampasa mambo manne: awe na leseni, kama itakavyo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, ajifunze kwa mjuzi aliyeruhusiwa, na arudie mazoezi, aifungie mahali wasipofika watoto, na risasi mbali nayo, na nia yake iwe kuzuia, si kuua. Asiyeyaweza haya, komeo madhubuti na jirani mwema ni kinga iliyo salama zaidi kwake na kwa watu wa nyumba yake.

Wallahu aalam.