Kundi Mchanganyiko ni Lako Pia

Katika uchaguzi wa serikali za mitaa, wajumbe wa halmashauri ya kijiji hupigiwa kura kwa makundi mawili: kundi la wanawake na kundi mchanganyiko. Hilo la pili liko wazi kwa wote. Lakini kila ninapozungumza na mabinti wenye hamu ya uongozi nasikia lile lile: "Mimi nitagombea kundi la wanawake, lile jingine ni la wanaume." Hakuna sheria inayosema hivyo. Ni mazoea tu, na yananiuma.

Sibezi nafasi za wanawake. Rais Samia Suluhu Hassan mwenyewe aliingia Baraza la Wawakilishi Zanzibar mwaka 2000 kwa viti maalum. Ila hakubaki hapo. Mwaka 2010 alisimama jimboni Makunduchi akashinda.

Siasa ninayoisema huanzia kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Nimeona mtendaji akisoma mapato na matumizi mbio mbio, wanaume wamejaa kwenye mabenchi, wanawake wametandika khanga nyuma. Binti mmoja mwenye mtoto mgongoni akasimama: "Michango ya pampu tuliyotoa tangu masika mbona haikusomwa?" Mzee mmoja akamwambia, "Mwanangu, kaa." Hakukaa. Mtendaji akalifungua tena faili lake. Sijui ni shahada gani nyingine tunamdai binti huyo ili tumwone kiongozi.

Ndiyo, akigombea watamwita mhuni. Watauliza nani atamwoa. Wapo watakaomdai mwili ili jina lake lipite kwenye chama. Hiyo ni rushwa ya ngono, kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na TAKUKURU wapo wilayani. Akaripoti, na sisi watu wazima tumsindikize.

Mabinti wengine huniambia hawana watu wa kuwaunga mkono. Mwaka 1955, Bibi Titi Mohamed alipoanza kuwaingiza wanawake wa Dar es Salaam katika TANU, alipitia vikundi vya ngoma ya lelemama, alikokuwa mwimbaji. Vilikuwa na viongozi wao, michango yao na nidhamu yao. Leo binti yumo kwenye kikoba: anatunza daftari, anafuatilia marejesho, anasuluhisha ugomvi. Waliomkabidhi fedha zao hawatashindwa kumpa kura, akiwaomba.

Uchaguzi wa Novemba 2024 umepita. Mwingine ni 2029, na umri wa kugombea ni miaka 21. Katikati hapo ipo mikutano mingi ya kijiji na mtaa ya kusimama na kuuliza. Nanyi akina baba na waume, nawaomba: siku ya mkutano, bakini na watoto.